Jipu lisilo na moto



Juma lililopita, tulipomaliza hesabu ya AVEC na kufunga sanduku, mama mmoja wa kikundi chetu hakusimama pamoja na wenzake. Alingoja mpaka wale wenye haraka ya kurudi sokoni Kadutu watoke, halafu akamwita mtoto wake wa kiume aliyekuwa akicheza na vifuniko vya chupa mlangoni, akamvua shati. Mtoto ana miaka 9. Shingoni alikuwa na uvimbe wenye ukubwa wa yai la kuku, na kwapani mwingine mdogo. Ngozi ya viwiko na ya nyuma ya magoti ilikuwa nene, imekwaruzwa mpaka imepasuka.

Niliweka mgongo wa mkono wangu juu ya ule uvimbe, kama kila mama anavyofanya. Nikangoja joto. Halikuja. Nikabonyeza kidogo huku nikimtazama usoni. Hakukunja hata uso. Aliuliza tu kama anaweza kurudi kwenye vifuniko vyake.

Miaka yangu yote ya uuguzi nimepasua majipu mengi. Jipu kubwa namna ile, lenye usaha ndani, huwaka kama mbabula na mtoto hakubali uliguse. Hili lilikuwa limelala.

Mama alianza kusimulia. Mtoto alizaliwa vizuri, lakini kabla ya kufika mwezi mmoja uso na kichwa vikajaa vipele vyenye usaha. Wakamwambia ni maziwa yake. Halafu wakamwambia ni uchafu, yeye anayepanda na bidoni ya maji kila asubuhi kabla watu hawajaamka. Halafu upele, halafu bwaki. Halafu wakampima mtoto virusi vya UKIMWI, mara tatu, katika vituo vitatu, na mara tatu hakuna kitu. Mapafu yamemlaza hospitali. Na sasa wakwe wamekaa kikao na kusema ni karuho, kwamba sumu imetoka upande wa mama, na kwamba yeye anajua nani aliyeitia. Mume hajasema neno. Mama anaogopa siku atakayosema.

Swali lake lilikuwa moja: kuna ugonjwa gani wa ngozi usiopona miaka 9?

Nilimjibu kwamba sijui mtoto wake ana nini, na leo bado sijui. Mkono peke yake hauwezi kutoa jibu. Lakini kuna ugonjwa mmoja wa nadra sana ambao mambo yake yanafanana na yale aliyonisimulia, na yeye mwenyewe ameniruhusu niuandike hapa, bila jina lake wala la mtaa wake. Hata kama mwishowe si huo, wamama watakaosoma watajua kitu ambacho wengi wetu hatukufundishwa.

Madaktari wanauita ugonjwa wa Ayubu. Ndiyo, Ayubu yule yule wa Biblia, na wenzetu Waislamu nao wanamjua Nabii Ayubu kwa subira yake. Jina hilo lilitolewa mwaka 1966 na madaktari watatu wa Seattle, Marekani: Davis, Schaller na Wedgwood. Huyo Schaller alikuwa mama, Jane Schaller, daktari wa watoto. Walikuwa na wasichana wawili ambao tangu utotoni ngozi yao haikupumzika: ukurutu, majipu, mapafu kuugua tena na tena. Kilichowashangaza ni kwamba majipu yale yalikuwa baridi. Wakakumbuka mtu aliyepigwa majipu kutoka nyayo mpaka utosini, akaketi kwenye majivu akijikuna kwa kigae.

Kitu kimoja katika habari hiyo ya Seattle kinanichekesha kidogo. Wasichana wale walikuwa na nywele nyekundu, na madaktari walidhani nywele hizo ni sehemu ya ugonjwa. Baadaye wagonjwa wengine walipatikana wenye nywele za kila rangi. Hapa kwetu mtoto mwenye nywele zilizogeuka nyekundu tunasema mara moja ni bwaki, na mara nyingi tuna haki. Kila mahali watu hutazama kwanza kile wanachokijua.

Mwaka 1972 mama mwingine, Rebecca Buckley, naye daktari huko Marekani, alieleza habari za wavulana wawili wa namna hiyo hiyo, akaongeza jambo jipya: katika damu yao kulikuwa na wingi ajabu wa kingamwili moja iitwayo IgE. Hiyo IgE yenyewe ilikuwa imejulikana miaka michache tu nyuma, kwa kazi ya Kimishige Ishizaka na mke wake Teruko, na ya wenzao wa Uswidi. Ndiyo sababu vitabu vingine vinauita ugonjwa huu kwa jina la IgE nyingi. Chanzo chake kikakawia mpaka 2007, ambapo watafiti wa Japani na wa Marekani waligundua kwamba wengi wa wagonjwa hawa wana kasoro katika jeni moja iitwayo STAT3.

Jeni ni kama agizo lililoandikwa ndani ya mwili, linalosema kila kiungo kifanye nini. Nitaeleza kazi ya STAT3 kwa mbabula, maana ndiyo tunayoijua. Mdudu akiingia katika ngozi, mwili unawasha moto mahali pale. Joto, uvimbe na maumivu ya jipu si ya mdudu. Ni moto wetu wenyewe, na askari wa damu wanaufuata moto huo ili waje kupigana. STAT3 ni mmoja wa wale wanaopeleka ujumbe wa kuwasha na wa kuita askari. Ujumbe usipofika, bakteria wa ngozi, hasa yule aitwaye stafilokoki ambaye sisi sote tunambeba puani na mikononi, anajenga nyumba yake taratibu. Usaha unajaa bila joto. Fangasi nao wanakaa kinywani na kwenye kucha.

Na hapo ndipo ugumu ulipo: mtoto huyo huyo ambaye moto wake hauwaki penye jipu, ngozi yake inaungua kidogo kidogo kila siku mahali pengine. Ule ukurutu wa viwiko na magoti ni moto uliowashwa pasipotakiwa na usiozimwa. Mtu anaona ngozi imechafuka, anafikiri ni kazi ya sabuni. Sabuni haina kosa hapo.

Jambo la hatari zaidi linatokana na ubaridi huo. Sisi wamama tunapima ugonjwa kwa homa. Mtoto ana joto, tunakimbia. Hana joto, tunangoja kesho. Mtoto mwenye ugonjwa wa Ayubu anaweza kuwa na mapafu yaliyojaa usaha na bado anacheza uani. Kwake ukiona anapumua haraka, anakohoa makohozi, amepunguza kula au amechoka bila sababu, usingoje homa. Mapafu yakiugua mara nyingi hubaki na mashimo, na mashimo hayo yakipata fangasi ndipo maisha yanapokuwa mafupi. Ngozi ndiyo inayotuaibisha mbele ya watu, lakini mapafu ndiyo ya kulinda.

Ugonjwa huu pia unagusa viungo ambavyo hakuna anayefikiri vina uhusiano na ngozi. Meno ya kwanza hayataki kung'oka. Ya pili yanaota nyuma yake, na mtoto anakuwa na safu mbili kama papa. Mifupa inavunjika kwa kuanguka kudogo, na uti wa mgongo unaweza kupinda anapoanza kurefuka. Viungo vya wengine vinakunjika kupita kawaida. Mama anampeleka mtoto kwa mtu wa meno kwa ajili ya meno, kwa mtu wa mifupa kwa ajili ya mkono, kituo cha afya kwa ajili ya majipu, na kila mmoja anaona kipande chake.

Sasa nisieleweke vibaya. Ugonjwa huu ni nadra sana. Katika mamia ya maelfu ya watu unaweza kumpata mmoja. Kati ya watoto mia wenye ngozi mbaya katika kata yako, karibu wote wana kitu cha kawaida: upele wa kuambukizana, fangasi, ukurutu wa kawaida, bwaki. Bwaki nayo inababua ngozi, inavimbisha miguu na inaondoa kinga ya mwili. Lwiro wameijua kwa miaka mingi na wanajua kuitibu. Tangu mpox ilipotokea Kamituga mwaka 2023, mtoto mwenye vipele anakimbiwa hata kanisani. Mpox ni ugonjwa wa kweli na unapimwa, lakini hauanzi wiki ya pili ya maisha na kuendelea miaka 9. Kipimo cha UKIMWI ni lazima kifanyike, kwa sababu virusi hivyo viko kwetu zaidi na dawa yake ipo. Kifua kikuu vilevile: picha ya mapafu yenye mashimo lazima ifanye daktari akifikirie. Kikipatikana, kitibiwe. Kisipopatikana, au dawa zikimalizika na mapafu yanarudia yale yale, hapo ndipo pa kuuliza zaidi.

Hata ile IgE ina mtego wake hapa kwetu. Minyoo ya tumbo nayo inaipandisha, na ni mtoto gani wa Bukavu hajapata minyoo? Basi karatasi ya maabara yenye namba kubwa haitoshi kusema ni Ayubu. Kipimo cha jeni chenyewe si cha kituo cha mtaa, na bei yake si ya mfuko wa muuza ndizi.

Lakini ndugu zangu, mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliochunguza wagonjwa 30 na jamaa zao walipanga alama za kupima ugonjwa huu, ili daktari ajumlishe pointi. Nilisoma orodha hiyo nikaweka kalamu chini. Majipu mangapi tangu azaliwe. Mapafu yameugua mara ngapi. Meno ya kwanza mangapi hayakung'oka. Mifupa imevunjika mara ngapi kwa jambo dogo. Vipele vilianza lini baada ya kuzaliwa. Masikio na mafua mara ngapi kwa mwaka. Fangasi za kinywa na kucha. Damu ipo, picha ya mapafu ipo, uso unatazamwa, lakini sehemu kubwa ya majibu iko kichwani mwa mama, hakuna mashine inayoijua. Na mara ngapi tunafika mbele ya daktari, tunaulizwa "ana nini?", tunasema "majipu", tunapewa dawa ya siku saba na kuondoka?

Nirudi kwa karuho na kikao cha wakwe. Kasoro ya STAT3 haisababishwi na chakula wala neno la mtu, wala dhambi ya mama alipokuwa na mimba. Inaweza kutoka kwa baba kama inavyoweza kutoka kwa mama, na inapata wasichana na wavulana sawasawa. Mzazi akiwa nayo, kila mimba ni kama mchezo wa haragi mkononi: mkono wa kuume au wa kushoto, nafasi moja kati ya mbili, na mimba inayofuata mchezo unaanza upya. Zaidi ya hayo, watoto wengi wenye ugonjwa huu ni wa kwanza katika ukoo wao. Kasoro imetokea ndani yao tu, baba hana, mama hana, mababu hawana. Hapo hata ukifanya vikao kumi hutapata wa kumlaumu. Kuna ndugu ya ugonjwa huu, unaotokana na jeni nyingine, ambao unahitaji kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili na huonekana zaidi pale ndugu wanapooana. Huo huleta masundosundo mengi na magonjwa ya virusi katika ngozi. Hata huo, mama peke yake hauleti.

Mnakumbuka marafiki wa Ayubu? Walifika, wakakaa naye chini siku saba bila kusema kitu, na hapo walifanya vema. Walipofungua kinywa wakaanza kutafuta kosa lake. Na mke wa Ayubu, ambaye tunamsema vibaya katika mahubiri kwa sababu ya sentensi moja, alikuwa amezika watoto kumi. Sijawahi kusikia mhubiri akimuuliza yeye alilalaje usiku ule.

Je, kuna dawa? Ya kuondoa kasoro yenyewe kwa kidonge, hapana. Kwa wachache, hasa wale wa ule ugonjwa ndugu, madaktari wa nchi za mbali hubadilisha uboho wa mifupa. Lakini kinga ya kila siku si ya bei ya kutisha. Msingi wake kwa wengi ni kotrimoksazoli, ile tunayoiita Bactrim, inayotolewa kila siku kwa muda mrefu ili stafilokoki asipate nafasi. Daktari ndiye anayepanga kipimo na kufuatilia damu. Msianze wenyewe, na msiache wenyewe mtoto akionekana mzima. Ninajua kitakachotokea: dawa hiyo hiyo wanapewa wenye virusi vya UKIMWI, na jirani akiona boksi juu ya kabati atakwenda kusimulia. Ikibidi, hamisha vidonge katika chupa nyingine yenye kifuniko kizuri, andika jina na tarehe, weka mbali na watoto. Lakini mtoto ameze.

Ngozi inatunzwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, na Vaseline tupu isiyo na marashi mara tu anapotoka majini, kabla hajakauka. Kuna madaktari wanaoagiza kumwogesha mtoto katika maji yenye javeli kidogo sana ili kupunguza bakteria. Inasaidia, lakini javeli ya dukani haina nguvu moja, na ikizidi inaunguza. Usijaribu kwa macho. Ngoja uonyeshwe kipimo na chombo cha kupimia. Jipu likiwa kubwa lipasuliwe hospitali, hata kama haliumi.

Na yale ya kuacha: chale na majani yaliyopondwa juu ya kidonda cha mtoto huyu ni kumfungulia mdudu mlango. Sindano ya antibiotiki ya hapa na pale, leo hii kesho ile, inamfundisha bakteria kuvumilia dawa. Na zile pomadi za kujichubua, wamama, ninawajua ninyi. Nyingi zina dawa kali ya ukurutu ndani yake, ndiyo maana siku tatu za kwanza ngozi inatulia na mnasema imepona. Zikiendelea, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi na kinga yake ndogo inaondoka. Chanjo msiache hata moja kwa kuogopa. Mwambieni muuguzi historia yote ya mtoto kabla ya sindano, naye akiwa na shaka amuulize daktari.

Mwenye mtoto wa namna hii aombe barua ya kumpeleka kwa daktari wa watoto katika hospitali kubwa, kama Hospitali Kuu ya Rufaa ya jimbo au Panzi. Kikundi kinaweza kusaidia usafiri; sanduku la msaada halikuwekwa kwa ajili ya vilio tu.

Tulinunua daftari siku ile ile, la kurasa 48, pale chini kwa muuza kalamu. Mama hakusoma sana, basi yeye alisimulia na binti yake mkubwa akaandika. Tulianza na siku ya kuzaliwa. Vipele: kabla ya mwezi mmoja. Mapafu: mara ya kwanza alipokuwa na miaka miwili, akalazwa, mara ya pili mwaka wa mvua nyingi, mara ya tatu mwaka jana. Mkono wa kushoto: ulivunjika alipoteleza kwenye ngazi, ngazi mbili tu. Mama alinyamaza kidogo, akasema hakuwahi kufikiri mkono una neno na ngozi. Majipu alijaribu kuyahesabu kwa vidole, akafika ishirini na moja, akaacha, na binti akaandika "21 na mengine".

Halafu nikamwita kijana, nikamwomba afungue kinywa kuelekea dirishani. Miaka 9. Mbele, chini, nyuma ya meno madogo ya utotoni, yalikuwa yamesimama mengine mawili, makubwa na meupe. Binti aliinua kalamu akaniuliza ayaandike katika ukurasa gani.